Viatu vya Dempsey na Picha za Kabla ya Kengele

Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inaendelea Ulaya, Jack Dempsey alipelekwa kwenye karakana ya meli karibu na Philadelphia akapigwe picha. Hakuwa jeshini, na maneno yalishaanza kusemwa, kwa hiyo waliomzunguka waliona dawa ni picha: bondia ndani ya ovaroli, zana ya kazi mkononi, mzalendo anayeijengea nchi yake meli. Picha ikachapwa magazetini. Wasomaji wakaitazama, kisha wakashusha macho hadi miguuni. Chini ya ile ovaroli Dempsey alikuwa amevaa viatu vya ngozi ya kung'aa, vya mtu anayekwenda kula chakula cha jioni mjini. Picha iliyopigwa ili kuyazima maneno ndiyo iliyoyachochea. Mwaka 1920 alifikishwa mahakamani San Francisco kwa tuhuma za kukwepa kuandikishwa jeshini. Aliachiwa huru, lakini viatu vile vilimfuata kwa miaka.

Nimeanza na viatu kwa sababu mazungumzo kuhusu picha za matangazo ya ngumi huishia kwenye swali lisilozaa kitu: je, ni za kweli au za kupanga? Ni za kupanga, karibu zote. Hata ile ya bondia amekaa peke yake kwenye benchi, kichwa chini, taulo shingoni, mara nyingi ilikuwa na watu sita nje ya fremu wakimwambia ainamishe shingo kidogo. Maswali yenye faida ni mawili. Nani ameshika mlango, yaani nani anaamua mpiga picha aingie wapi na atoke saa ngapi? Na ni kitu gani kimeponyoka kikaingia kwenye picha bila aliyeipanga kutaka?

Pambano huuzwa likiwa bado halipo. Mpira una ligi: Simba na Yanga wakitoka sare leo, wiki ijayo kuna mechi nyingine. Bondia mkubwa hupanda ulingoni mara chache tu kwa mwaka, na kuna usiku ambao kazi yote huisha ndani ya dakika mbili. Biashara inabidi ifanyike katika zile wiki za kabla, na katika wiki hizo promota hana kitu cha kumwonyesha mteja zaidi ya picha na maneno. Ndiyo maana mpiga picha wa wiki ya pambano yumo ndani ya duka, apende asipende.

Tex Rickard, promota aliyelijua soko kuliko wenzake wote wa zama zile, aliona fedha palepale wengine walipoona aibu. Mwaka 1921 alimkutanisha Dempsey na Georges Carpentier, Mfaransa mtanashati aliyekuwa rubani vitani na kutunukiwa nishani. Shujaa dhidi ya mkwepaji: viatu vya 1918 vilikuwa vimeshaliuza pambano nusu. Dempsey aliweka kambi Atlantic City, milango wazi, watu wakilipa kiingilio kumwona akifanya mazoezi. Carpentier akafichwa Manhasset, Long Island, shambani, ndani ya uzio, na waandishi wakawa wanarudishwa getini. Ikaenezwa habari kwamba Mfaransa ana konde la siri analolinoa huko ndani. Kilichokuwa kikifichwa ni mwili wake. Alikuwa mdogo mno kwa Dempsey. Hata kwa uzito uliotangazwa walipishana takribani kilo saba, na Rickard hakutaka mteja alione hilo kwa macho yake kabla hajanunua tiketi. Tarehe 2 Julai 1921, Jersey City, watu wapatao 80,000 walijaza uwanja wa mbao, na mapato ya mlangoni yakavuka dola milioni moja kwa mara ya kwanza katika historia ya ngumi. Raundi ya nne Carpentier akalala chini.

Mlango uliofungwa, basi, nao ni tangazo. Mpiga picha anayesimuliwa kwamba ndani kuna siri ajiulize kwanza kama anazuiwa kuona nguvu au anazuiwa kuona udhaifu.

Siku hizi shughuli hii ina ratiba inayojulikana dunia nzima. Kuna kambi, ambako mpiga picha huruhusiwa siku moja au mbili. Kuna mazoezi ya wazi, ambayo ni mazoezi kwa jina tu, kwani hakuna kocha mwenye akili atakayemwacha bondia wake aonyeshe alichokiandaa mbele ya watu wa upande wa pili. Kuna mkutano na waandishi wa habari, meza ndefu, mkanda umewekwa katikati, na mabondia wawili ambao jana walikuwa wakitumiana salamu leo hawawezi kukaa bila kutenganishwa. Halafu kupima uzito na kutazamana uso kwa uso, bango la wadhamini nyuma, promota katikati na mkono wake kama kizuizi cha barabarani. Kutazamana huko huchukua sekunde chache, na picha zake hufanana kiasi kwamba ukibadilisha majina chini yake hakuna atakayejua. Binafsi naona ndizo picha zinazopigwa zaidi na zinazosema kidogo zaidi.

Na mara nyingine hata mzani wenyewe ni igizo. Tangu 2016 mapambano ya UFC, kampuni ya mapigano mchanganyiko, yamekuwa na upimaji wa namna mbili. Ule rasmi hufanyika asubuhi, hotelini, mbele ya maofisa na waandishi wachache. Jioni wapiganaji hupanda mzani tena, jukwaani, muziki ukivuma na maelfu ya mashabiki wakipiga kelele. Mzani wa jioni hauamui lolote. Kilo zimeshahesabiwa, mtu ameshakunywa maji, mashavu yamerudi. Sababu ya kuhamishia upimaji asubuhi ilikuwa nzuri, kuwapa wapiganaji saa nyingi zaidi za kurudisha maji mwilini. Lakini matokeo yake kwa picha ni kwamba mtu wa kawaida anaona miili iliyokwisha kurudishiwa maji na anadhani ameona miili iliyokauka.

Televisheni ndiyo iliyoufanya uvungu kuwa sebule. Mwaka 2007 HBO ilirusha mfululizo wa vipindi vya kuwafuata Oscar De La Hoya na Floyd Mayweather kuelekea pambano lao la Mei 5: jikoni, garini, mazoezini, kwenye ugomvi wa kifamilia. Nyumba milioni 2.4 zililipia kulitazama pambano, rekodi kwa wakati huo. Toka hapo kila promota mwenye pesa anataka kamera yake ndani ya kambi, na mpiga picha wa gazeti akifika anakuta nafasi nzuri imeshashikwa na mtu anayelipwa na mwenye pambano. Neno "ndani ya kambi" limebaki, ila anayelitamka sasa ni mwenye duka.

Bondia naye si sanamu. Huko Miami, mwaka 1961, mpiga picha Flip Schulke alikuwa akimpiga picha kijana wa miaka 19 aitwaye Cassius Clay. Kijana akauliza Schulke hupiga picha za aina gani nyingine. Schulke akamweleza kwamba moja ya kazi zake ni kupiga picha chini ya maji, na kwamba picha hizo huchapwa katika jarida la Life. Clay akatulia kidogo, kisha akamweleza siri: yeye hufanya mazoezi ndani ya maji, kwa sababu maji hupinga mkono, na mkono uliozoea kupingwa ukija hewani huwa mwepesi. Schulke akapeleka kamera zake kwenye bwawa la hoteli. Picha zilizotoka humo ni za ajabu: kijana amesimama wima sakafuni mwa bwawa, ngumi zimekunjwa, mapovu yakimtoka, miguu imekaa sawasawa kama yuko ulingoni. Life ilizichapa Septemba mwaka huohuo. Clay hakuwa anajua kuogelea. Mazoezi ya majini aliyatunga palepale, kwa kuwa alishajua jarida lipi analitaka na mpiga picha anapenda nini. Schulke alikuja kuujua ukweli baadaye.

Hapo nani alimtumia nani? Nikiitazama picha ile leo siioni kama udanganyifu ulioharibu kazi. Mtu asiyejua kuogelea ameshuka chini ya maji, ameziba pumzi, na uso wake hauna hata chembe ya hofu. Huo ni ushahidi kamili wa jinsi alivyokuwa, na ni ushahidi bora kuliko mazoezi ya kweli ambayo angeonyesha siku hiyo. Uongo wake ulikuwa kwenye maelezo ya chini. Picha yenyewe ilisema kweli, na hili tutalirudia tukifika kwenye suala la maelezo.

Miaka mitatu baadaye, Februari 18, 1964, Clay huyohuyo akijiandaa kupigana na Sonny Liston, mpiga picha wa Kiskoti Harry Benson aliwapeleka wanamuziki wa kundi la Beatles kwenye jimu ya 5th Street, Miami Beach. Beatles walimtaka Liston, bingwa. Liston hakutaka kuwaona. Wakapelekwa kwa yule aliyetarajiwa kupigwa. Clay akawapanga mstari, akajifanya kuwapiga wote wanne kwa konde moja, akawalaza sakafuni na kusimama juu yao akinguruma. John Lennon, mmoja wao, alitoka pale amekasirika, akiona kijana yule amewafanya vikaragosi. Picha zile leo ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi katika historia ya michezo. Ila kuna jambo ambalo watu wa matangazo hupenda kulisahau: ukumbi usiku wa Februari 25 ulijaa nusu tu, na promota akala hasara. Watu waliziona picha, wakacheka, na wakabaki nyumbani, kwa sababu waliamini Liston atamaliza kazi mapema. Picha nzuri humtangaza bondia, lakini haimlazimishi mtu kuamini kwamba pambano litakuwa pambano.

Asubuhi ya pambano lile, kwenye mzani, Clay aliingia akipiga kelele, akimrukia Liston, akishikwa na watu wake. Tume ya ngumi ikamtoza faini ya dola 2,500 palepale. Daktari akampima mapigo ya moyo, yakafika 120 kwa dakika, wakati kawaida yake ni 54. Waandishi wengi wakaandika kwamba kijana amechanganyikiwa kwa woga. Alipopimwa tena baadaye, mapigo yalikuwa yamerudi pale pale pa kawaida. Tazama picha za asubuhi ile: mdomo umeachama, macho yametoka, shingo imejaa mishipa. Kamera imeandika kila kitu kwa uaminifu, na bado waliozitazama hawakuweza kukubaliana kama wanamwona mwoga au mwigizaji. Usiku ule Liston alikataa kuinuka kwenye kiti raundi ya saba ilipoanza.

Mchezo huu wa kutishiana una upande ambao hauchekeshi. Machi 24, 1962, New York, kwenye upimaji wa uzito, Benny Paret alimtukana Emile Griffith mbele ya watu, tusi la kumshambulia uanaume wake, akiongeza na vitendo vya mkono. Magazeti ya siku hizo hayakuthubutu kulichapa neno lenyewe. Usiku, raundi ya kumi na mbili, Griffith alimbana Paret kwenye kona na kumpiga mfululizo hadi akapoteza fahamu huku kamba zikimzuia kuanguka. Paret alifariki Aprili 3. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba tusi ndilo lililoua. Mwamuzi alichelewa, na Paret alikuwa ameshapigwa vibaya katika mapambano ya nyuma yake. Lakini hakuna pia anayeweza kusema kwamba kilichotokea mzanini kilikuwa mchezo wa kuigiza na kikaishia hapo.

Januari 2002, pia New York, Mike Tyson na Lennox Lewis walipandishwa jukwaani ili watazamane. Wakapigana jukwaani, na Lewis akang'atwa pajani. Aprili 5, 2018, Brooklyn, mpiganaji wa UFC Conor McGregor na kundi lake walivamia basi lililokuwa limebeba wapiganaji waliotoka kuzungumza na waandishi wa habari. Alirusha mkokoteni wa chuma dirishani. Vioo vikamchana Michael Chiesa na kumwumiza Ray Borg jichoni, wote wawili wakaondolewa kwenye mapambano yao ya wikiendi ile. McGregor alikuwa ameambatana na mpiga video wake mwenyewe. Alishtakiwa. Na bado miezi michache baadaye, UFC ilipokuwa ikitangaza pambano lake na Khabib Nurmagomedov la Oktoba, picha za basi lile zilitumika kwenye tangazo. Kesi ya jinai ikageuka malighafi. Mpiga picha aliyekuwapo siku hiyo hawezi kujitoa lawamani kirahisi. Watu wanaofanya fujo mbele ya kamera mara nyingi wanaifanyia kamera.

Pengine somo kubwa kuliko yote kuhusu picha za aina hii lilitokea karibu na kwetu, Kinshasa, mwaka 1974. Pambano la Muhammad Ali, yule Clay aliyekuwa amebadili jina, na George Foreman lilipangwa Septemba 25. Kila bondia aliahidiwa dola milioni tano, fedha za serikali ya Mobutu, rais wa Zaire, ambaye alikuwa akinunua picha moja kubwa: Zaire mbele ya macho ya dunia. Wapiga picha walikuwa wageni wake kabla ya kuwa wageni wa ngumi. Foreman alishuka akiwa na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani. Kwake alikuwa mbwa tu. Kwa Wakongo waliokumbuka enzi za Wabelgiji, alikuwa mbwa wa polisi wa mkoloni. Huwezi kumlaumu mpiga picha kwa picha hiyo, wala huwezi kumsifu. Mbwa aliingia kwenye fremu akiwa amebeba historia ambayo mwenye mbwa hakuijua.

Siku chache kabla ya pambano, Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, na kila kitu kikasogezwa hadi Oktoba 30. Tamasha kubwa la muziki lililopangwa kwenda sambamba na ngumi likafanyika lenyewe, Septemba 22 hadi 24. Waandishi wengi wakapanda ndege kurudi kwao. Waliobaki wakajikuta na wiki tano zisizo na ratiba. Hakuna mkutano wa kila siku, hakuna bango jipya, hakuna jambo la kutangaza isipokuwa kusubiri. Ali alikuwa N'Sele, kwenye makazi ya serikali kando ya Mto Kongo, nje ya jiji, akikimbia alfajiri, akicheza na watoto, akibishana na yeyote aliyekuwa tayari kubishana. Abbas, mpiga picha mwenye asili ya Iran aliyekuwa na umri wa miaka thelathini, alikuwapo, na picha zake zikaja kukusanywa kuwa kitabu. Leon Gast, aliyekuwa amekodiwa kurekodi muziki, alijikuta na mikanda mirefu ya Ali akizungumza. Ilimchukua zaidi ya miaka ishirini kuigeuza kuwa filamu, When We Were Kings, iliyopata Oscar mwaka 1997.

Maoni yangu ni kwamba jicho la Foreman ndilo lililoleta picha bora za ngumi zilizowahi kupigwa Afrika. Kuahirishwa kuliuvunja mpango wa matangazo. Mtu anaweza kuigiza saa moja, anaweza kuigiza siku tatu. Wiki tano katika joto la Kinshasa zinamchosha hata Ali. Howard Bingham, rafiki yake tangu 1962, aliyempiga picha nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, aliijua siri hiyo kwa njia nyingine: alikaa muda mrefu kiasi kwamba kamera yake ilihesabiwa kama samani. Muda ndio unaofungua mlango ambao kitambulisho cha uandishi hakiufungui. Tatizo ni kwamba hakuna chombo cha habari cha leo kitakachomlipa mtu wiki tano za kusubiri.

Mwenye siku moja tu atazame wapi? Mimi ningemshauri aachane na uso, autazame mwili. Mdomo wa bondia umefundishwa. Ngozi yake haijafundishwa. Asubuhi ya kupima uzito, mabondia wa mapambano ya utangulizi hufika mapema kwa daladala au bodaboda, wakiwa wamevaa masweta na majaketi katika joto la Dar es Salaam ili jasho la mwisho litoke. Midomo imekauka na kuwa myeupe pembeni. Mmoja anatema mate kwenye chupa tupu ya maji, kidogokidogo, akisaka gramu mia mbili. Anapanda mzani, anasikia namba yake, anashuka, na kabla hajavaa suruali mkono umeshafika kwenye chupa ya mwenzake. Hakuna bango nyuma yake, wala mtu wa kumwambia ainamishe shingo. Hizo ni dakika ambazo karibu hakuna anayezipiga picha, kwa sababu wapiga picha huwa wanasubiri pambano kuu.

Na hizo ndizo zenye habari nzito. Desemba 2015 kijana wa Kichina wa miaka 21, Yang Jian Bing, alifariki Manila kutokana na kujikausha ili atimize uzito kwa pambano la ONE Championship, kampuni nyingine ya mapigano. Baada ya kifo chake ONE ilibadilisha kanuni zake na kuanza kupima kiwango cha maji mwilini mwa wapiganaji. Kanuni ilikuja baada ya mtu kufa, wakati miili iliyokauka ilikuwa ikipita mbele ya kamera kila wiki na watu wakiiita misuli iliyochongeka.

Mahali pengine pa kutazama ni kwenye bandeji. Kumfunga bondia mikono ni kazi ya polepole: kocha amekaa mbele yake, kiganja kimewekwa juu ya mgongo wa kiti, bandeji inapita kati ya vidole, plasta inakatwa kwa urefu unaojulikana. Mtu wa kambi pinzani husimama hapo kutazama, na ofisa wa kamisheni huweka sahihi juu ya bandeji iliyokamilika. Wapiga picha huipenda shughuli hii kwa utulivu wake, kwani ndiyo nusu saa pekee bondia hawezi kwenda popote. Lakini ina kazi zaidi ya urembo. Januari 24, 2009, Los Angeles, kabla ya Antonio Margarito kupigana na Shane Mosley, kocha wa Mosley, Naazim Richardson, alilalamika mikono ikifungwa, na ndani ya bandeji za Margarito vikakutwa vipande vilivyogandamana. Leseni yake ikafutwa kwa mwaka mmoja huko California. Miguel Cotto, ambaye Margarito alikuwa amempiga vibaya mwaka 2008, alikuja kuonyesha picha ya bandeji za usiku ule wakielekea kwenye marudiano yao ya 2011, akidai zilikuwa na hila, lakini Margarito alikana. Picha haikutosha kumaliza ubishi. Lakini hakuna aliyejua, siku ilipopigwa, kwamba ingekuja kuwa kielelezo cha mashtaka.

Kwetu mambo yameota kivyake. Tanzania ina utamaduni wa tambo ambao haukuletwa na HBO. Watu wametambiana kwenye ngoma, kwenye taarab na vijiweni kabla ya ulingo kufika. Aliyeupeleka mbali zaidi ni Karim Mandonga, "Mtu Kazi". Mwaka 2022 alipigwa na Shaban Kaoneka huko Songea, na kipigo kile kilimpa umaarufu mkubwa kuliko ambao ushindi ungempa, kwa kuwa tambo zake za kabla zilikuwa zimeshazunguka kwenye simu za nchi nzima. Januari 2023 alikwenda Nairobi na konde alilolipa jina, Sugunyo, akalitangaza kama dawa mpya iliyotoka maabara, na akamshinda Daniel Wanyonyi. Julai mwaka huohuo Wanyonyi alilipa kisasi hukohuko Nairobi. Wapenzi wa ngumi wenye msimamo mkali walinung'unika kwamba hiyo ni kiki tupu. Wana haki kiasi. Ila kuna kitu kwenye picha za Mandonga ambacho hakipo kwenye picha nyingi za mabingwa: kila aliyesimama karibu naye anacheka, hata mpinzani, hata ofisa mwenye mzani. Hilo nalo ni taarifa kuhusu mchezo wetu na watu wanaoupenda.

Kinachonisumbua kwetu ni mlango. Simu imewafanya watu wote kuwa wapiga picha, na bondia mwenyewe hurusha video yake kabla mpiga picha wa gazeti hajafungua begi. Mwandishi anayefika kwenye mkutano wa promota mara nyingi hupewa nauli na promota huyohuyo, na anayepiga picha kwa ajili ya bango huwa huyohuyo anayezituma magazetini. Sisemi watu hao ni wabaya, mishahara inajulikana. Lakini matokeo yake ni kwamba picha moja ya kutunishiana misuli hutoka kwenye kurasa tano, na hakuna anayemwuliza mtu wa mapambano ya utangulizi kama alikula jana.

Halafu yapo maelezo ya chini ya picha, ambayo wahariri wengi huyaachia yeyote aliyepo zamu. Picha ya Schulke ilihitaji sentensi moja tu ya ziada: kwamba bondia alishuka majini kwa ajili ya kamera. Picha ya mzani wa jioni wa UFC inahitaji maneno "baada ya kupimwa asubuhi". Picha ya video ya promota inahitaji jina la promota. Haya si mambo ya kifalsafa, ni maneno matatu au manne, na yakikosekana msomaji wa miaka ishirini ijayo atashika picha ile na kujenga juu yake historia isiyokuwapo.

Septemba 8, 2018, Birmingham, bango lilikuwa la Amir Khan na Samuel Vargas. Kwenye orodha ya chini alikuwamo Hassan Mwakinyo kutoka Tanga, ambaye Waingereza hawakuwa wakimjua, akipangiwa Sam Eggington, mtu wa nyumbani. Alimmaliza raundi ya pili. Waliotaka kumwandika usiku ule walikuwa na picha za pambano tu. Za kabla ya hapo, za kambi na mazoezi, hakuna aliyekuwa ametumwa kuzipiga. Mabondia wetu wengi wanapata mapambano ya nje kwa njia hiyohiyo: promota wa Ulaya anatafuta mpinzani, anaandika ujumbe, na anaomba video na picha zitumwe kwa simu. Anachotumiwa kwa kawaida ni picha ya kutazamana yenye bango la wadhamini, iliyokatwa kutoka kwenye ukurasa wa mtu mwingine, jina la mpiga picha limefutwa. Mpiga picha aliyekuwapo mzanini saa mbili asubuhi angeweza kumwachia bondia picha tatu nzuri, zenye tarehe na uzito wake, na bondia angekuwa na cha kujadiliana nacho bei.